Klachi ya Subaru WRX ya kila siku: dalili, vyanzo, na ipi ya kununua

Mwenye Impreza WRX au Forester turbo ya gia za mkono akilalamika kwamba klachi inateleza, ushauri wa kwanza anaopewa ni anunue klachi nzito, ya mbio. Anaifunga. Kisha anakutana na foleni ya Mombasa Road, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, goti la kushoto linawaka moto, gari linarukaruka kila anapoondoka, na dereva wa nyuma anampigia honi. Klachi ile haina kosa. Imewekwa kwenye gari lisilo lake.

Msimamo wangu ni huu: kwa gari linalokupeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, nunua klachi laini kuliko zote zinazoweza kubeba torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya injini yako. Na kabla ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni klachi yenyewe, maana dalili nyingi zinazosingiziwa klachi chanzo chake kiko kwingine.

Naongelea hasa WRX na STI (WRX yenye nguvu zaidi) za 2000 hadi 2007, zile zenye kodi ya bodi GD na GG. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo GD zote tunazoziona barabarani leo ziliingia zamani na zimepita mikononi mwa wengi. Nyingine zilibadilishwa giaboksi, nyingine zilikuja otomatiki zikageuzwa. Kilichomo ndani huwezi kukijua kwa kusoma logibuku.

Mizunguko inapanda, mwendo haupandi

Huku ndiko kuteleza kwenyewe. Pima hivi: tafuta barabara tupu yenye mwinuko kidogo, injini ikiwa imeshapata joto lake la kawaida. Weka gia ya 4, acha mizunguko ya injini ishuke hadi 2,500 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta yote. Turbo ikijaa, kati ya 3,000 na 4,000, tazama mishale miwili kwa pamoja. Wa mizunguko ukiruka mbele na wa mwendo ukabaki ulipo, klachi inateleza. Achia mafuta papo hapo. Kila sekunde ya kuteleza ni joto linalokula lainingi (sehemu ya msuguano kwenye pleti ya klachi) na kuchoma uso wa flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake).

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wanakipenda: kuvuta handbreki, kuweka gia ya 3 na kuachia klachi uone kama injini itazima. Kipimo hicho hukamata klachi iliyokwisha kabisa tu. Ile inayoteleza pale tu turbo inapojaa itakifaulu, na utaambiwa gari ni zima.

Ukishathibitisha kwamba inateleza, angalia inateleza wakati gani, kwa sababu wakati ndio unaotaja chanzo.

Ikiteleza hata kwenye gia ya 2 ukipanda kilima taratibu, na harufu ya kuungua inaingia ndani, pleti imeisha. Hapo hakuna mjadala.

Ikishika vizuri asubuhi na kuanza kuteleza gari likipata moto, shuku mafuta. Toa kitambaa cheupe, lala chini ya gari, ufute sehemu ya chini kabisa pale injini inapoungana na giaboksi. Mafuta meusi mepesi ni ya injini. Mafuta mazito yenye harufu kali ya salfa ni ya giaboksi, yanavuja kwenye sili ya shafti ya kuingilia. Yakiwa ya injini, usikubali moja kwa moja kwamba ni sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Injini za EJ, yaani za Subaru hizi, zina kifuniko kidogo nyuma ya flaiwili, cha kutenganisha mafuta na mvuke. Kwenye injini nyingi za zamani kilikuwa cha plastiki, na plastiki hiyo hupinda kwa joto la miaka. Uvujaji wake hushuka njia ile ile ya sili ya krenki, ndiyo maana watu hubadilisha sili na mafuta yanaendelea kutoka. Kipo cha chuma. Kikinunuliwa mara moja, habari hiyo imefungwa. Klachi mpya ukiifunga juu ya uvujaji huo itakufa kama ya kwanza, iwe ya bei gani.

Halafu kuna chanzo ambacho hakihitaji hata kushusha giaboksi. Inama chini ya dashibodi, shika pedali ya klachi kwa mkono, uisukume polepole. Mwanzoni kabisa lazima iwe na mchezo wa milimita chache, mahali ambapo inatembea bila kusukuma kitu. Kama haina mchezo hata kidogo, fimbo ya masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) imerefushwa kupita kiasi. Presha haiachiwi yote, beringi ya rilizi, ile inayoachisha klachi, inabaki imeishikilia presha pleti (sahani inayoibana pleti kwenye flaiwili), na pleti haibanwi sawasawa hata ukiwa umetoa mguu kwenye pedali. Legeza nati ya fimbo, fupisha kidogo kidogo hadi mchezo urudi, kisha rudia kipimo cha gia ya 4. Hii ni kazi ya spana moja, na inaudhi sana kuona mtu ameshushiwa giaboksi kwa sababu yake.

Mwisho kuna ile inayoteleza kwenye gia ya 4 na ya 5 tu, turbo ikiwa imejaa, lakini kwingine kote inashika na pedali haina tatizo. Gari hilo mara nyingi limetuniwa, yaani injini imeongezwa nguvu. Klachi si mbovu, ila imezidiwa. Hapa ndipo klachi mbadala inapokuwa na maana.

Torki kwanza, hosipawa baadaye

Klachi haijui hosipawa. Inachobeba ni torki. WRX ya soko la Japani ya mwanzoni mwa GD ilitoka kiwandani na hosipawa 250 na torki ya kilo-mita 34, ambazo ni Nm (nyutoni-mita) 333. STI ya wakati huo ilikuwa na 280 na kilo-mita 38, karibu Nm 373. Vitabu vya Wajapani huandika kilo-mita. Zidisha kwa 9.81 upate Nm. Wamarekani huandika futi-pauni. Zidisha kwa 1.356. Klachi iliyoandikwa futi-pauni 350 inabeba Nm 475 hivi. Muulize muuzaji swali moja zaidi: kipimo hicho ni cha kwenye flaiwili au kwenye magurudumu? Tofauti yake si ndogo kwenye gari linaloendesha magurudumu yote 4.

Kushika kwa klachi kunatokana na mambo manne yanayozidishana: msuguano wa lainingi, idadi ya nyuso zinazosuguana, nguvu ya presha pleti, na nusu kipenyo cha wastani cha lainingi. Chukua mfano wa pleti ya milimita 230 yenye nusu kipenyo cha wastani cha mita 0.095. Msuguano ukiwa 0.3, nyuso 2, na presha pleti inabana kwa nyutoni 6,500, jibu ni Nm 370. Inatosha WRX ya kiwandani na kubakiza kidogo. Sasa mwenye gari amebadilisha bomba la turbo, ameongeza presha na kutuni, injini inatoa Nm 400. Pleti ile ile, hata ikiwa mpya kabisa, itateleza.

Hesabu hiyo inakuonyesha pia unalipia nini kila unapoongeza uwezo. Ukiongeza nguvu ya presha pleti, pedali inakuwa nzito. Ukiongeza msuguano, klachi inashika kwa ghafla. Ukiongeza nyuso, yaani klachi ya pleti mbili, bei inapanda na nyingi zinagongagonga gari likiwa nyutro. Ukiongeza kipenyo, unahitaji flaiwili nyingine. Hakuna njia ya bure, na muuzaji anayekuahidi uwezo mkubwa pamoja na ulaini wa kiwandani kwa bei ndogo, kuna kimoja kati ya vitatu anachokuficha.

Kwa hiyo usinunue uwezo usiouhitaji. Chukua torki halisi ya injini yako, ongeza asilimia 20, basi. Kwa Nm 400 tafuta klachi ya Nm 480 hivi. Nafasi hiyo inatosha joto la foleni na kuchakaa kwa kawaida. Mtu wa Nm 400 anayefunga klachi ya Nm 700 anabeba uzito wa pedali kila siku kwa ajili ya nguvu ambayo injini yake haitaitoa kamwe.

Gia zinakwaruza, hasa rivasi

Hapa tatizo ni klachi kutoachia. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, weka rivasi. Ikikwaruza, zima injini ujaribu tena. Kama gia zote zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, giaboksi yako haina neno. Pleti haiachani na flaiwili.

Pampu pedali mara tatu nne kwa haraka. Gia zikiingia vizuri baada ya hapo, hewa imo kwenye mfumo wa mafuta, au masta silinda au silinda ndogo iliyoko juu ya giaboksi imechoka ndani. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya klachi. Yakiwa meusi kama kahawa, mpira wa ndani unasagika. Angalia pia paipu ya mpira mtu mwingine akikanyaga pedali. Ikivimba, nguvu inaishia hapo. Klachi nzito huianika paipu ya zamani ambayo klachi laini ilikuwa inaivumilia.

Kama tatizo limeanza siku gari lilipotoka gereji na klachi mpya, usianze na pampu. Uliza kuhusu beringi. WRX nyingi za gia 5 za miaka hii, na STI ya gia 6, zina klachi ya kuvuta: beringi ya rilizi hujifunga kwenye presha pleti kwa ringi ya waya. Wakati wa kurudisha giaboksi, uma (mkono unaoisogeza beringi) unavutwa hadi beringi iingie, na inapoingia husikika "tak!" kavu. Fundi asiposikia mlio huo, beringi haijaingia, na pedali itatembea hewani. Vivyo hivyo wakati wa kushusha: ubavuni mwa kengele ya giaboksi (sehemu pana inayofunika klachi) kuna plagi ya heksagoni ya milimita 10. Inafunguliwa, bolti ya milimita 6 inaingizwa kwenye pini ya uma, pini inavutwa nje, ndipo giaboksi inatengana na injini. Asiyeijua plagi hiyo atatumia pinchibaa, na kengele ya alumini haisamehe.

Vyanzo vingine baada ya kufungwa: pleti imewekwa kinyumenyume, uma umepinda au umepasuka, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili haikubadilishwa na imekwama. Hiyo ya mwisho ni ndogo na ya bei rahisi, lakini inatosha kuizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imeachia.

Gari linatetemeka ukiondoka

Kama ni asubuhi za baridi au za mvua tu, Limuru au Arusha, na linakoma baada ya kuondoka mara tatu nne, ni unyevu na kutu nyepesi kwenye flaiwili. Subaru zinajulikana kwa hilo. Liache.

Kama linatetemeka siku nzima, anza na mipira. Juu ya giaboksi kuna fimbo fupi inayoizuia injini isicheze mbele na nyuma. Mipira yake ikilika, injini inajitupa kila unapoachia klachi na inafanana kabisa na klachi mbovu. Fungua boneti, mwenzako aondoke taratibu huku wewe ukitazama kwa ubavuni. Injini ikirukia nyuma, umeshapata. Mpira wa giaboksi chini uangaliwe pia.

Mipira ikiwa mizima, tazama flaiwili kama ina madoa ya bluu, yaani sehemu zilizoungua, au kama ilifungwa bila kupitishwa kwenye mashine. Pleti mpya juu ya flaiwili ya zamani isiyosawazishwa itatetemeka, na pengine itateleza pia kwa kuwa inagusa vipande vipande.

Na kama kila kitu ni kizima na pleti ni ya seramiki yenye vipande vinne au sita, hiyo si sababu ya kurudisha gari gereji. Ndivyo ilivyo. Seramiki huvumilia joto kubwa na hushika sana, lakini haina katikati: imeshika au imeachia. Ilitengenezwa kwa mtu anayeondoka mara moja na kuendelea hadi mwisho wa mashindano. Wewe unaondoka kila mita tano kwenye Mombasa Road, kuanzia Nyayo hadi Cabanas.

Pedali nzito

Pedali iliyozoea kuwa laini ikawa nzito polepole: uma umekauka grisi pale unapoegemea, au presha pleti ya zamani imechoka. Pedali iliyokuwa nzito tangu siku ya kwanza ya klachi mpya: ndiyo klachi uliyoinunua.

Hili si la goti peke yake. Kila unapokanyaga, nguvu hiyo huibana krenki kwa mbele au kwa nyuma, na inayoizuia ni beringi moja nyembamba ya msukumo. Presha pleti nzito sana, pamoja na mtu anayesubiri taa za barabarani klachi ikiwa chini, huila beringi hiyo. Injini ya EJ ina sababu zake nyingine nyingi za kukutia gharama, usiiongezee hii. Taa zikiwa nyekundu weka nyutro, toa mguu.

Kelele

Mlio unaotokea ukikanyaga na kupotea ukiachia ni beringi ya rilizi. Kwenye giaboksi za klachi ya kusukuma, ambayo beringi yake husukuma presha pleti badala ya kuivuta, angalia pia mrija wa alumini ambao beringi inateleza juu yake. Hulika ukachongeka, na mwisho huvunjika. Zipo seti za ukarabati zinazokuja na shati la chuma la kuvalishwa juu ya mrija huo pamoja na beringi yake, bila kubadilisha giaboksi.

Mlio unaotokea nyutro, mguu ukiwa nje, na kupotea ukikanyaga, ni beringi ya ndani ya giaboksi, au umefunga flaiwili nyepesi. Flaiwili nyepesi hupandisha mizunguko haraka na inapendeza sana ukibadilisha gia milimani. Lakini uzito wa ile ya kiwandani ndio unaomeza mitikisiko ya injini. Ukiuondoa, gia zinagongana kidogo nyutro na gari linazima kirahisi kwenye foleni. Pleti isiyo na springi katikati huongeza kelele hiyo maradufu. Kwa gari la kila siku, flaiwili ya uzito wa kawaida na pleti yenye springi.

Unaponunua

Jina la Stage 1, 2, 3 halina kipimo cha pamoja. Kwa Exedy, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiitwa Daikin kabla ya 1995, Stage 1 ni lainingi ya ogani (laini, ya aina ya kiwandani) na Stage 2 ni seramiki. Kampuni nyingine Stage 2 yake bado ni ya ogani. Soma lainingi na torki, achana na namba.

Ogani yenye presha pleti iliyoongezwa nguvu kidogo ndiyo ningemfungia ndugu yangu, hadi karibu Nm 500. Lainingi ya Kevlar hudumu sana na huachia kwa upole, ila inataka kuzoeshwa kwa subira, na ikishaungua mara moja uso wake unakuwa kama kioo na kushika kwake hakurudi kirahisi. Seramiki iwe ya mwisho, baada ya hesabu kukataa hizo mbili.

Kisha uhakikishe inaingia. WRX ya gia 5 ya soko la Marekani hadi 2005 hutumia milimita 230 ya kuvuta. Kuanzia 2006, ya injini ya lita 2.5, ni 230 ya kusukuma. STI ya gia 6 ni 240 ya kuvuta. Usiamini mwaka wa gari ulioandikwa kwenye karatasi: amini giaboksi iliyomo. Ile plagi ya heksagoni ubavuni ikiwepo, ni ya kuvuta.

Giaboksi ikiwa chini, badilisha kwa pamoja beringi ya rilizi, beringi ya katikati ya flaiwili, sili ya krenki na ile ya giaboksi, na upitishe flaiwili mashine. Kuwa makini pia na boksi lenye nembo kubwa na bei ya ajabu. Klachi za kuigwa zipo nyingi. Shika pleti mkononi: riveti zilingane kina, na namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye boksi.

Baada ya kufungwa, kilomita 800 za mjini, za kuondoka na kusimama, bila kukanyaga mafuta yote na bila kuvuta gari la mtu. Kilomita za barabara kuu hazihesabiki sana, kwa sababu huko klachi haisuguani. Ukisikia harufu katika kipindi hicho, toka barabarani, weka nyutro, toa mguu kwenye klachi na uache injini izunguke taratibu kwa dakika kumi. Usiizime: flaiwili ikizunguka ndiyo inayopitisha hewa ndani ya kengele.